Omari bin Athumani, Mpishi, Aliyepotelea Johannesburg

Kila ninapokwenda, iwe sokoni au kwenye shughuli, hakosi mtu wa kunivuta pembeni: "Mwalimu, ulimpata?" Na mimi hujibu nusu nusu, kwa sababu jibu lenyewe halisimuliki mtu ukiwa umeshika kikapu cha nyanya. Matokeo yake wapo wanaosema nilimpata, wapo wanaosema sikumpata, na yupo jirani yangu mmoja, simtaji, anayesema Johannesburg sikufika kabisa, nilikaa Dar es Salaam mwezi mzima nikinunua vitenge. Basi naandika mara moja, msome wote, na baada ya hapo tafadhalini mniache. Habari za pasipoti na tiketi sizigusi, hizo zilikuwa adha kama adha nyingine.

Pangani, chumbani kwa mama

Niliyekwenda kumtafuta ni Omari bin Athumani, baba wa bibi yangu mzaa mama. Kwa mama yangu yeye ni babu. Alikuwa mpishi. Karne ya kumi na tisa inakwisha, Mjerumani ameshaingia pwani, Omari akapanda meli na bwana mmoja mfanyabiashara wakaenda kusini, na huko akasikia habari za mji wa dhahabu. Nyuma aliacha mke mwenye mimba changa. Ilikuja barua moja, kwa herufi za Kiarabu, kwamba yuko Johannesburg, anapika kwenye nyumba ya wageni, na kwamba atarudi. Ya pili haikuja. Na hiyo ya kwanza ililiwa na mchwa kabla mimi sijazaliwa.

Mkewe hakuolewa tena. Kadhi angeweza kumfungua lakini hakutaka kwenda kwa kadhi. Hakuna aliyeleta habari kwamba mumewe amekufa, kwa hiyo eda hakukaa, na mwanamke asiyekaa eda ni mke wa mtu. Mama yangu alilelewa na bibi huyo, wakilala kitanda kimoja. Alikuwa akinisimulia kwamba kila Ramadhani bibi alitenga bakuli la uji la mumewe, na asubuhi uji ule wakapewa kuku. Akafa hivyo hivyo, mke wa mtu. Na Omari hakusomewa hitima hata siku moja, maana utamsomeaje hitima mtu ambaye hakuna aliyesema amekufa?

Mama, Bi Zaina, alifika umri wa kusahau amekula nini mchana, lakini la Omari halikumtoka. Mwaka huu maradhi yalipomlaza aliniita. "Mwanangu, nataka nijue alipolala. Asomewe hitima kwa jina lake, kama watu. Nikikutana na bibi niwe na la kumwambia." Hilo ndilo lililonitoa Pangani, nina umri wa miaka hamsini na nane na magoti yangu haya.

Nikachukua daftari, nikamwambia anitajie yote anayoyajua. Mama alikuwa akisema polepole, neno moja, pumzi, neno jingine. "Omari. Baba yake Athumani. Kwao Bweni, ng'ambo ya mto. Alikuwa na kovu la moto mkono wa kulia. Na mama yake, yeye aliitwa Mwana..." Akasita avute pumzi.

Nikamkata. Nikasema, "Mama, la mama halitakiwi. Wazungu wanaandika jina lako na la baba yako, basi."

Ninyi niliowafundisha mnaijua tabia yangu hiyo ya kuwamalizia watu maneno. Mama akafumba mdomo. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa chupa ndogo ya marashi ya waridi. "Mmwagie kaburini," akasema. "Yeye tu. Usimmwagie mwingine." Nikaitia chupa kwenye pochi, nikafunga daftari, nikajiona nimejiandaa vizuri.

Tunduma mpaka Limpopo

Basi lilichukua siku tano kwa safari waliyotuambia ni ya siku tatu. Tunduma tulilala ndani ya basi kwa sababu karatasi za abiria mmoja hazikuelewana na uso wake. Zambia lilikufa gurudumu, na spea nayo ilikuwa imekufa zamani. Tulikaa kando ya barabara tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mama mmoja wa kijiji cha karibu akatuuzia mihogo ya kuchemsha na chumvi, na nakiri sijala mihogo mitamu kama ile. Zimbabwe siikumbuki ila mgongo wangu.

Kwenye mpaka wa mwisho tulipanga foleni juani tangu jua linachomoza. Ofisa wa forodha, kijana nadhifu, akaifungua pochi yangu akaitoa chupa ya marashi, akainusa, akasema ni pombe. Nikamwambia ni marashi ya waridi. Akauliza ya kupaka wapi. Nikasema si ya kupaka, ni ya kumwagia kaburi. Akaniangalia, akamwita mwenzake, na mwenzake akanusa pia.

"Unakwenda kumwona nani?"

"Babu wa mama yangu."

"Anakaa wapi?"

"Ndilo ninalotaka kujua."

"Aliingia nchini lini?"

"Kabla yako na yangu."

Walicheka, wakapiga muhuri. Mimi pia nilicheka. Nilivuka daraja la Limpopo nikiwa na furaha ya kijinga, nikihisi nusu ya kazi imekwisha.

Hillbrow

Mwenyeji wangu alikuwa Sauda, binti wa mama yangu mdogo, ambaye amekaa Johannesburg miaka mingi akiuza sambusa na kupika kwenye shughuli za watu. Anaishi Hillbrow, ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake watoto wameigeuza pa kujifichia. Mlangoni, nyuma ya vyuma, anakaa mlinzi, Papa Jules, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye koti zito mchana kweupe.

"Mama, karibu. Weye ni wa Tanzania," akasema. "Nimesikia tu. Kiswahili yako iko kama ya ku redio."

"Na chako je?"

"Yangu ni ya kutafutia chakula."

Sauda akamrushia mkono. "Dada, ukimsikiliza huyu hutafika juu leo. Eish, Papa Jules, mzigo huo, shika!" Akaushika. Ngazi zile tulizipanda tukipumzika kila ghorofa, na kila tulipopumzika Papa Jules aliniuliza swali jingine, hivi kwamba tulipofika ya tisa alikuwa anaijua habari yote ya Omari.

Akaweka begi chini. Akasema, "Mama, mi niko natafuta mudogo yangu. Alipotea hapa hapa Hillbrow, sasa miaka saba. Alikuwa na simu. Alikuwa na picha, na papier zote. Sijamupata. Na weye unatafuta mutu wa wakati ya babu?"

Hakusema kwa kejeli, aliuliza kwa dhati kabisa, kama anayetaka kujifunza njia. Usiku ule Sauda alipika ugali, ambao huko wanauita papu, na mchicha wa nazi ya kopo, na watoto wake wakaniamkia "shikamoo" vizuri kisha wakarudi kwenye Kizulu chao.

Ofisi ya kumbukumbu

Siku ya kwanza ofisi ilikuwa imefungwa, wafanyakazi wamegoma. Siku ya pili ilifunguliwa, lakini umeme ukakatika tulipokaa tu, na vitabu vilikuwa chumba cha chini kisicho na dirisha. Siku ya tatu nikapokonywa kalamu mlangoni, maana humo ndani huandiki ila kwa penseli, na penseli sikuwa nayo. Fikirieni, mwalimu wa miaka thelathini na mbili, kuomba penseli.

Niliyokabidhiwa yalikuwa makabrasha ya orodha za watu wa mji, za wakati dhahabu bado ni habari mpya. Nilisoma siku nne. Nilianza asubuhi na kumaliza wanapokuja kuzima taa, mchana nikila magwinya barazani, yale maandazi yao makubwa yasiyo na iliki. Mzungu ameandikwa vizuri: jina, umri, kazi, alikotoka, mpaka kanisa lake. Nikaifuata mitaa mmoja mmoja kwa kidole nikitafuta nyumba za wageni, kwa sababu barua ilisema anapika kwenye nyumba ya wageni.

Siku ya nne nikazipata, moja baada ya nyingine. Ya kwanza nikaisoma mstari kwa mstari. Mwenye nyumba yupo kwa jina lake. Mkewe yupo. Wapangaji kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake na kazi yake, mmoja kinyozi, mmoja mpiga kinanda. Na mwisho kabisa, chini ya mstari: watumishi weusi, wanne.

Nikageuza ukurasa nikidhani majina yako nyuma. Nyuma hakuna kitu. Nyumba ya pili: watumishi weusi, wawili. Ya tatu, watano. Nikamwita mama wa ofisini, mtu mpole mwenye miwani ya kamba shingoni, nikamwonyesha kwa kidole.

"Mama," akaniambia kwa Kiingereza, "hao walihesabiwa tu. Hawakuandikwa."

Nililia mbele yake bila haya. Nilikuwa nimepita nchi tatu kwenda kuambiwa babu yetu ni mmoja katika hesabu ya wanne. Akanipa karatasi laini nijifute, akasubiri, kisha akasema jambo ambalo siwezi kulisahau. "Waliowahesabu hawakuwajua majina. Watafute waliowazika."

Kensington

Sauda alipolisikia neno hilo aliweka mwiko chini. "Waliowazika Waislamu wa zamani? Mbona namjua. Auntie Rukia wa Kensington, namuuziaga sambusa kila Ijumaa. Babu zake ndio walikuwa waosha maiti. Kesho nakupeleka. Sharp?" Nikamwambia sharp, ndiyo "sawa" yao, ingawa neno lenyewe silipendi.

Nyumba ya Auntie Rukia iko nyuma ya barabara kuu yenye maduka madogo madogo, hatua chache toka duka la kutengeneza viatu. Ni bibi mwembamba, mweusi kama sisi, uso wa Kimakua. Wazee wake walikamatwa utumwani, wakakombolewa baharini na kushushwa Durban, na mmoja wao akapanda kuja Johannesburg wakati wa dhahabu. Huyo alikuwa akiosha na kuzika wageni waliofia mjini bila ndugu, watu wa Mrima, Unguja, Ngazija. Auntie anazungumza Kiingereza. Kiswahili cha nyumba ile kimebaki maneno matatu: sanda, kaburi, pole.

Alitupa chai ya iliki na vitumbua vyao virefu vilivyochovywa shira na kupakwa nazi. Kisha akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Daftari, gamba limebanduka, maandishi ya herufi za Kiarabu. "Sisi tunasoma Kurani," akasema, "lakini hiki hatukielewi. Hata baba yangu hakukielewa. Tunakifuta vumbi tu."

Nikakifungua. Kilikuwa Kiswahili. Kiswahili chetu, kwa herufi nilizofunzwa chuoni nikiwa na miaka sita kwa kiboko cha mpera. Nikasoma kwa sauti, na Auntie Rukia akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kila mstari ulikuwa wa maiti mmoja: jina lake, kisha jina la mwanamke, kisha kwao, kisha urefu wa sanda. "Juma, Mwanamvua, Unguja." "Saidi, Binti Heri, Ngazija." Hakuna kichwa cha habari, hakuna maelezo. Jina la baba halimo hata moja.

Nilimtafuta Athumani ukurasa kwa ukurasa. Athumani hayumo. Omari walikuwamo. Mmoja wa Ngazija, huyo nikamwacha. Wawili walikuwa wa Mrima, pwani yetu: "Omari, Mwanashaha, Mrima." Na kurasa chache mbele, "Omari, Mwanapili, Mrima."

Nitawaambia nilivyoelewa, maana kosa ni langu na sitaki kulipaka rangi. Mimi niliona wale wanawake ni wake. Niliona kila mtu ameandikwa pamoja na mke aliyemwoa huko, mwenye kupewa mkono wa tanzia. Na nikakasirika. Nikamwona bibi yule na bakuli lake la uji, nikasema moyoni, Omari wetu hawezi kuwa kati ya hawa, na kama yumo basi ni heri asipatikane. Nikafunga daftari.

"Umemaliza?" akauliza Auntie Rukia. Nikasema nimemaliza.

Jioni ile nikampigia mama. Kaka yangu Hatibu akamwekea simu sikioni. "Mama, hayumo," nikasema. "Wapo akina Omari, lakini wana wake zao wa huku." Nikasikia pumzi yake ikipanda na kushuka.

"Hao wake," mama akasema, "wanaitwa nani?"

"Mama, majina ya wake za watu ya nini? Wewe pumzika. Nitaendelea kutafuta."

"Haya," akasema mama.

Observatory

Kesho yake Sauda alikuwa na kazi ya kupika akika ya mtoto kwenye nyumba moja mtaa wa Observatory, mtelemkoni, ukisimama jikoni unaona mapaa yameshuka chini yako ngazi ngazi. Nilikwenda kumsaidia. Nilikuwa nakaanga vitunguu vya pilau Hatibu alipopiga. Mama ametutoka alfajiri. Watazika baada ya alasiri, hawawezi kunisubiri, na mimi nilijua hawawezi.

Sauda alitaka turudi nyumbani. Nikamwambia hapana, pilau ya watu haiachwi jikoni. Nilikaanga vitunguu vile mpaka vikaiva. Sijui kwa nini nawaambia hili la vitunguu, ila ndicho ninachokikumbuka.

Saa kumi kasoro kwa saa za kule Hatibu akapiga tena. Nikasikia miguu ya watu wengi, jembe, mtu akikohoa. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, "ninyi wanawake makaburini hamfiki. Leo fika. Usikate simu."

Mnajua ilivyo kwetu. Wanaume wanazika, sisi tunabaki nyumbani na kilio. Nimezika baba, mume, na mdogo wangu, na kaburi lolote sijalisimamia. Kwa hiyo siku ile ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuisikia talkini ikisomwa, nimesimama kwenye jiko la watu Observatory, mkono mmoja una mwiko. Udongo ulikwisha. Watu wakanyamaza. Sauti ya maalimu ikaja, kavu, karibu, kama anayemwamsha mtu aliyelala.

"Ya Zaina binti Tatu."

Akaita tena. "Ya Zaina binti Tatu." Na mara ya tatu.

Tatu ni mama yake mama. Baba yake aliitwa Mbaruku, na Mbaruku hakutajwa. Maiti anapofunzwa majibu yake kaburini huitwa kwa jina la mama aliyemzaa. Hilo nililijua. Nililijua kama ninavyoujua mto Naili, kwa kusoma, bila kuuona. Lakini sikuwa nimelisikia, na asiyelisikia hulisahau.

Yule mwosha maiti hakuwa akiandika wake wa watu. Kabla hawajafa aliwauliza wageni wale, mama yako ni nani, apate kuwaita vizuri siku hiyo. Daftari lile lilikuwa la kusomea talkini. Mwanashaha si mke wa Omari. Mwanapili si mke wa Omari.

"Na mama yake, yeye aliitwa Mwana..."

Nilikaa chini sakafuni. Sauda alidhani ni kilio cha mama, akanishika mabega, akaniambia lia dada, lia. Kilikuwa cha mama, na kilikuwa cha zaidi ya mama. Huko Pangani Hatibu alikuwa anaitikia "amina" pamoja na wenzake, na simu iko mfukoni mwake, na mtu pekee duniani aliyelijua jina lile walikuwa wameshamfukia.

Kensington tena, na makaburini

Nilirudi kwa Auntie Rukia siku ya tatu ya msiba, nimefunga kanga kichwani. Alikuwa ameshasikia. Akanikumbatia mlangoni akanipa neno lake moja kati ya yale matatu. "Pole," akasema, kwa lafudhi isiyofanana na ya mtu yeyote ninayemjua, na akalirudia mpaka nikakaa.

Daftari tulilifungua tena. Nilitumaini wino utanihurumia, kwamba mmoja atakuwa na neno "mpishi", au "Bweni", au "kovu". Hakuna. Omari wa Mwanashaha, Mrima, sanda dhiraa kumi na mbili. Omari wa Mwanapili, Mrima, sanda dhiraa kumi na mbili. Hata kimo walilingana. Nikampigia Hatibu: mama aliwahi kukutajia jina la mama yake Omari? Hatibu akafikiri, akasema, "Si alikutajia wewe? Siku ile ya daftari?"

Auntie akanipeleka kwenye makaburi ya zamani. Sehemu ya wageni haina mawe, ni majani yaliyokatwa, ndege mmoja, na uzio ambao nusu yake umeibwa. Auntie anajua tu kwamba walizikwa humu, tangu ule mti mpaka uzio. Nilisimama hapo na chupa ya marashi mkononi. Nilifungua kizibo. Harufu ya chumbani kwa mama ikatoka. Nikasikia "yeye tu, usimmwagie mwingine", nikaziba. Auntie aliniuliza kwa nini simwagi, kote humo si ni Waislamu? Nikamwambia nimekatazwa.

Nilisoma Yasini moja, nikasoma nyingine.

Siku ya kuondoka Papa Jules alinishushia begi ghorofa zote tisa, na safari hii hakuuliza kitu mpaka chini. "Sauda ameniambia," akasema. "Umepata babili, mama. Miye sina hata moja." Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia kwamba wawili ni sawa na kutokuwa na hata mmoja, lakini mbele ya mtu aliyemtafuta nduguye miaka saba, maneno hayo yasingefaa. Aliniandikia jina la mdogo wake kwenye kipande cha boksi, jina, la baba, na, bila mimi kumwomba, la mama. Kinakaa ndani ya daftari langu.

Pangani

Nilifika hitima ya mama imekwisha kusomwa. Nimevuka kivuko kwenda Bweni mara nne, nimekaa na kila bibi mwenye meno na asiye na meno. Wote ni wakarimu, wote wamenipa chai, na wote wamenijibu jibu moja: "Mambo hayo ya zamani? Aliyekuwa akiyajua ni marehemu mama yako."

Na hitima ya Omari mlikuja wenyewe, pilau mkaila, mkasikia maalimu akitaja majina mawili, Omari wa Mwanashaha na Omari wa Mwanapili. Maalimu aliniambia Mwenyezi Mungu anajua thawabu iende wapi, na mimi simbishii maalimu. Mmoja ni babu yetu. Mwingine ni mgeni ambaye pengine naye aliacha mke Saadani au Bagamoyo anayemtengea uji. Huyo wa pili, kwa kweli, amepata bahati. Au huenda wote wawili ni watu wengine kabisa, na Omari wetu alifia mahali ambapo hakuna aliyemuuliza mama yake.

Hatibu alitaka marashi yale akammwagie mama. Nilimkatalia, tukagombana, ndugu watatu wakaja kutusuluhisha. Marashi si ya mama, mama alishasema ni ya nani. Ndiyo hiyo chupa mnayoiona kabatini, mnayoniuliza kwa nini siifungui.

Kwa hiyo, ulimpata? Nadhani nilimpata. Ni mmoja kati ya wawili. Aliyejua ni yupi alikuwa amelala mbele yangu, ameshafika "Mwana", anavuta pumzi amalizie.